Koti Huchaguliwa Ukiwa Umeinama

Mbele ya kioo koti lolote ni zuri.
Umesimama wima, tumbo umelivuta ndani,
mikono imeshuka kama ya askari gwarideni,
na kioo, kama vioo vyote,
hakijawahi kunyeshewa.

Sytse analijua hilo. Kanipeleka nyuma ya duka
penye baiskeli iliyofungwa sakafuni, isiyokwenda popote.
"Panda, Wubbo. Shika usukani. Sasa tutazame."
Mikono ya koti ikakimbilia viwiko,
mgongo ukapanda juu,
na ubaridi ukaingia kiunoni bila hodi.
La kwanza: hapana.

Mimi ni fundi wa piano.
Kutoka Groningen naenda Bedum, Winsum, Garnwerd,
nikikaza sauti zilizolegea.
Unyevu naujua kuliko wauza makoti:
huvimbisha ubao kimyakimya,
nyundo ikasita, noti ikakwama kooni,
na mwenye nyumba akaapa kuwa hajafungua dirisha.

La pili lilikuwa zito kama deni.
Halikupitisha tone. Halikupitisha chochote.
Nilikanyaga pedali dakika tano,
nikalivua: nje kavu kabisa,
ndani mimi, chapachapa.
Sytse akanitupia taulo, akasema tu,
"Hapo mvua ungeishinda."

Nikakaa kwenye benchi la kujaribia viatu.
Miaka ishirini natafuta kukauka,
na kukauka hakuuzwi.
Kinachouzwa ni kuchagua
maji yapi yakuloweshe,
ya mawingu au yako.

La tatu lilikuwa na rangi ya haradali.
Gramu mia na tisini; tuliliweka kwenye mizani
ambayo Sytse hupimia kahawa.
Nililigeuza, nikaipitisha kucha kwenye mishono:
kila mmoja umebandikwa utepe,
nadhifu kama kovu la daktari mzuri.
Kwapani vijizipu vya kutolea joto.
Nyuma mkia mrefu, kwa ajili ya matope ya gurudumu.
Nikainama. Likainama nami.
Likakunjika, likaingia ganjani kama leso.

Bei niliisoma mara mbili,
nikidhani ni namba ya simu.

Nyumbani Hilje alilishika kwa vidole viwili.
"Kikaratasi hiki?"
Sikumjibu. Nililitundika penye msumari
karibu na lile la turubai alilonishonea mwaka wa mafuriko,
ambalo likilowa husimama lenyewe kama mgeni asiyeaga.

Jumanne ikaja na upepo wa magharibi.
Mvua ya kwetu hainyeshi, hutupwa.
Inakuja ubavuni, juu ya mashamba yasiyo na hata kichaka,
na kondoo wote wameigeuzia matako.
Nikavuta zipu hadi kidevuni.

Tone likigonga kofia karibu na sikio
lina sauti yake, nyembamba, karibu na *la*,
ila imeshuka kidogo.
Kilomita nne nzima nilitamani kuikaza.

Nikafika Garnwerd mabega makavu.
Shingo kavu. Kwapani, tuseme, hali ya kuridhisha.
Bi Aaltje akafungua mlango, akanitazama juu hadi chini,
suruali ikichuruzika kwenye vigae vyake.
"Umenunua nusu ya mtu," akasema.

Nikacheka, nikafunua piano,
nikatia mkono mfukoni kutoa kitambaa,
ule utepe mwekundu wa sufu wa kuzibia nyuzi jirani.
Ukatoka ukivuja maji kama ulimi wa mbwa.

Mfuko!
Mishono niliipima, mkia niliupima, uzito, kwapa,
mfuko sikuukumbuka.

Basi utepe ukalala juu ya jiko,
ukitoa mvuke taratibu,
nasi tukanywa chai,
tukingoja sufu ikauke,
na dirishani mvua ikiendelea kutupwa.